Siendi Popote, Shemeji

Tangu udongo umfukie kazini, Mchwa alikuwa haogi mlango ukiwa umefungwa. Mtu mzima na ndevu zake, mke anasimama nje kumlindia heshima! Jina hilo wenzake walimpa kwa alivyokuwa hodari wa kuchimba. Sasa hata shimo la takataka alilipita kwa mbali.

Siku hiyo alimpelekea chakula shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa akichimba mtaro wa mabomba uliopita kimo cha mtu. Mchwa hakusogea ukingoni ng'o. Akamwita kwa mbali, "Wewe bwege, toka ule kabla sijakumalizia!" Shemeji akajibu kwa tusi lake la kawaida. Hapo hapo ukuta wa mtaro ukaporomoka. Puu! Vumbi, kisha kimya.

Nyapara akashika kichwa. "Basi tena, huyo amekwenda. Nani ana simu ya mkewe?"

Maneno kama hayo yalishasemwa juu ya kichwa cha Mchwa. Siku ile alikuwa chini ya udongo, ubao umemwachia nafasi ya pua tu, anasikia kila kitu, na aliposikia wamemkatia tamaa, naye akaacha kuhangaika kupumua. Hilo hajamwambia hata mkewe.

"Koma!" alimfokea nyapara. "Anakusikia!"

Mama yangu, hofu gani ile! Na kwa bega lake lililoharibika siku ile, hata koleo asingeinua. Lakini alikuwa ameshakaa ukingoni, akateleza hadi chini huku akilia waziwazi.

Akalala kifudifudi, shavu kwenye udongo. "Shemeji! Ni mimi. Usipige kelele, hewa itakuishia. Vuta kidogo, toa kidogo. Wanakuja."

Akaendelea. Alimbembeleza, alimtukana, akamsimulia jinsi dada yake anavyokoroma. Wachimbaji wengine walishuka na kuchota udongo kwa ndoo pembeni yake. Mabonge yakamdondokea mgongoni.

"Toka, Mchwa! Ukuta wa pili unapasuka!" nyapara alipiga kelele kutoka juu.

Kila kiungo chake kilitaka kutoka. Ila kazi ya koleo ilishamshinda, na hii ya kuongea na aliyefukiwa, pale hakuna mwingine aliyeijua. "Siendi popote," aliuambia udongo. "Umesikia, bwege?"

Chini ya shavu lake kitu kikakwaruza.

"Hapa!" alipiga ukelele. "Yupo hapa!"

Wakamfukua kwa mikono, mdomo umejaa mchanga, lakini anapumua. Wakampandisha kwa kamba, wakapanda nyuma yake wakishangilia, na kwa furaha wakamsahau aliyebaki. Mchwa akatazama juu. Ukingo ulikuwa mbali, ufa unapanuka, na miguu ikagoma kabisa. Alijaribu kuita, sauti haikutoka.

Huko juu shemeji alikataa kubebwa. "Yuko wapi?" aliuliza, akajiburuta kwa tumbo hadi ukingoni na kutema mchanga.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nimekusikia mwanzo mwisho, na matusi yote. Sasa nyamaza, niongee mimi. Weka mguu kwenye hilo jiwe lililochomoza ukutani. Nami siendi popote."

Mchwa akanyanyua mguu.