Figo Moja kwa Shemeji

Mtaani walimwita Jabali, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Alikuwa muuza nyama mwenye mabega kama mlango, mtu wa kubeba paja la ng'ombe kwa mkono mmoja huku wa pili ukimpungia jirani. Kwamba huyohuyo akiona sindano hufumba macho, jambo hilo alilijua mkewe peke yake, na mkewe alikuwa na kifua cha kutunza siri.

Shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe, hakumpenda tangu mwanzo. Siku ya harusi hakutokea. Alisema dada yake anaolewa na harufu ya damu. Miaka ikapita, kanisani wakawa wanapeana ncha za vidole tu, kila mmoja akitazama pembeni. Kisha figo za shemeji zikafa, zote mbili. Akawa mtu wa kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, anarudi nyumbani amepauka kama majivu, na daktari akasema wazi kuwa mashine ile haitamfikisha mbali.

Ndugu walipimwa. Huyu alikuwa na sukari, yule presha, na mkewe Jabali damu yake ilikataa. Jumapili moja baada ya ibada ukoo mzima ukakusanyika sebuleni kuomba. Walipomaliza, wakaanza kuhesabu nani bado hajapimwa. Ndipo Jabali akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Nipimeni na mimi."

Ulimi hauna mfupa. Kwa kweli alijua haitawezekana, kwa kuwa yeye si damu yao. Lakini majibu yaliporudi, daktari alitabasamu: "Mmelingana kuliko ndugu wa tumbo moja."

Tangu hapo hofu ikahamia kwake na virago vyake vyote. Chakula kikawa hakipiti. Akiinama kufunga viatu, mkono ulikwenda wenyewe ubavuni, kama wa mtu anayehakikisha mfuko haujaibwa. Buchani ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Mama mmoja alimwambia, "Nipimie nyama, uniwekee na figo." Jabali alikuwa akibandua figo tangu ujana wake, akizitoa kwenye mafuta yake kama anayemenya chungwa. Siku hiyo aliweka kisu chini.

"Figo zimekwisha, mama."

"Si hizo zinaning'inia?"

"Hizo zina mwenyewe."

Mama akaondoka akitikisa kichwa. Jabali akajifungia nyuma ya bucha, akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji, akamwomba Mungu amwondolee hofu. Akaomba mpaka magoti yakafa ganzi. Alipoinuka, hofu iliinuka naye.

Nyumbani alimkuta mkewe akikunja nguo.

"Mama watoto, nadhani Mungu hataki jambo hili."

"Amekwambia?"

"Mchungaji anasema tutoe kwa moyo wa furaha. Mimi nitatoa huku nikitetemeka. Sadaka ya hivyo si imeshaoza?"

Mkewe aliweka shati chini. "Kwani Bwana Yesu kule bustanini Gethsemane, usiku wa kuamkia msalaba, alikuwa anacheka?"

Jabali akaliokota lile shati, akaanza kulikunja.

"Wewe unaogopa kisu," mkewe akasema. "Mimi mmoja ni kaka yangu, mwingine ni mume wangu. Nikifumba macho kuomba, sijui nianze na nani."

Asubuhi ya upasuaji walimvisha gauni jepesi lililofungwa mgongoni kwa kamba mbili. Muuguzi akamwambia asubiri kidogo. Jabali alisubiri mpaka hatua za muuguzi zikapotea, akateremka kitandani, akashika njia ya ngazi. Hakujua anakwenda wapi. Miguu ndiyo iliyojua.

Kwenye ngazi alimkuta shemeji yake ameketi, amevaa gauni kama lake, ameegemea ukuta akihema. Wote wawili wakashtuka.

"Nilikuwa nakuja kwako," shemeji akasema. "Nilikuona jana ulipotia sahihi fomu ya upasuaji. Mkono ulikuwa unaruka kama kuku aliyechinjwa."

Jabali akainamisha kichwa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Nenda nyumbani," shemeji akasema taratibu. "Nitawaambia mimi ndiye niliyekataa. Wanajua nina kiburi, wataamini. Hutalaumiwa na mtu."

"Na wewe je?"

Shemeji akamwonyesha kwa kidole mlango wa chini. Midomo yake ilikuwa mikavu, imepasuka.

Mlango wa chini ulikuwa wazi, na nje watu walipita na shughuli zao. Jabali aliutazama kwa tamaa ya kweli. Kisha akaketi kwenye ngazi kando ya shemeji.

"Shemeji, nishike mkono," akasema. "Nikibaki peke yangu nitakimbia."

Walipanda wameshikana, mgonjwa akimvuta mzima. Hofu haikumwacha, hata mlangoni pa chumba cha upasuaji, hata chini ya zile taa kubwa. Alipofunikwa pua kwa kifaa cha usingizi, machozi yalikuwa yakimtiririka kuingia masikioni.

Alizinduka na maumivu kama ameangukiwa na ng'ombe mzima. Mkewe alikuwa kando, akicheka na kulia kwa pamoja. "Kaka amekojoa!" akamwambia. "Baba watoto, figo yako inafanya kazi, amekojoa!" Na ukoo mzima, watu wazima na heshima zao, ulikuwa koridoni ukimshukuru Mungu kwa ajili ya mkojo.

Walipopona, mchungaji alimwita Jabali mbele atoe ushuhuda. Kanisa likatulia, likingoja habari za imani isiyotikisika.

"Niliogopa," alisema. "Mwanzo mpaka mwisho. Hata sasa nikikumbuka, tumbo linaniuma."

Watu wakacheka. Jabali alirudi akitafuta pa kukaa. Shemeji yake, ambaye hakucheka, akasogea kwenye benchi na kumpa nafasi.