Sauti ya Nyumbani

Chiriku hakujua kukaa. Mwalimu akiandika ubaoni, yeye yuko dirishani na kunguru. Mwenzake akiangusha penseli, wa kwanza chini ya dawati ni yeye. Mwalimu mkuu akasema amechoka: mtoto apelekwe kwenye mazoezi ya kutuliza akili, na asipotulia, atafutiwe shule nyingine. Na shule nyingine ya kumpokea haikuwepo.

Nyumbani alitulizwa na kitu kimoja tu. Bibi yake akisema, "Kitendawili!" hata kama mtoto yuko juu ya ukuta, atateremka mbio.

"Tega!"

"Yuko darasani, kiti chake kitupu."

"Mimi huyo, Bibi!" Wanacheka mpaka mbavu ziwaume.

Mama yake hutoka kwenda kazini alfajiri, kwa hiyo aliyempeleka mazoezini ni Bibi. Kilikuwa chumba chenye zulia na kiti cha kuzunguka. Dada wa mazoezi alimvika Chiriku miwani mikubwa, myeusi kama kitako cha sufuria. Ndani yake mna darasa, ubao na madirisha, kama kweli. Nyota nyekundu ikitokea ubaoni, mtoto anabonyeza kitufe. Mbwa akibweka, mlango ukigongwa, asigeuke. Akigeuka, king'ora kinalia na alama zinashuka.

Siku moja dada akasema, "Bibi, mbwa na mlango ameshavizoea. Tunataka sauti inayomvuta kwelikweli. Tukurekodi wewe?"

Bibi alifurahi. Alidhani ni ya kumtia moyo mtoto mle gizani. Akasafisha koo kama bwana harusi anayetaka kusema, akakiinamia kinasa sauti: "Kitendawili! Kitendawili, Chiriku wangu!"

Safari iliyofuata, mtoto alikuwa anabonyeza vizuri, mara akageuza kichwa kwa furaha. "Tega!"

King'ora kikalia.

"Usijibu, mpenzi," dada akasema. "Hiyo ni kelele."

"Kelele?" Bibi akauliza.

"Ndivyo tunavyoita tu, Bibi. Usijali."

Bibi angeweza kusema itoeni. Neno lilifika kwenye ulimi. Akamkumbuka mwalimu mkuu, akalimeza.

Njiani Chiriku alinuna. "Bibi, mbona unaniangusha mle ndani?"

"Si mimi, mume wangu. Ni mashine."

"Mashine gani ina sauti yako?"

Bibi akamshika mkono, wakavuka barabara. Aliendelea kumpeleka.

Alama zikapanda. Siku mtoto alipoacha kugeuka kabisa, dada alipiga makofi, mama mtu akalia kwa furaha kwenye simu, na shule ikakubali kumjaribu tena.

Ikamjaribu, ikashindwa naye. Kunguru wa dirishani walikuwa kunguru wengine, hakuna aliyewarekodi. Kabla muhula haujaisha Chiriku alirudishwa nyumbani na begi lake, kwaheri ya kuonana haikusemwa.

Alikaa kizingitini, anaangalia ukuta aliokuwa akiupanda. Bibi akaja nyuma yake taratibu, akaweka mikono magotini ainame.

"Kitendawili!"

Shingo ya mtoto ilikakamaa. Hakugeuka.

"Kitendawili, Chiriku wangu."

Macho mbele. Kwenye goti, kidole gumba kilishuka kikabonyeza, kikabonyeza tena, na kitufe hakikuwepo.