Kona ya Nyuma Kushoto

Hili jambo ukisimuliwa utasema nimeongeza chumvi, na mimi ni mtu wa kuongeza chumvi, sikatai. Leo sijaongeza hata punje. Fomu niliyoitengeneza kwa simu yangu, nikiwa nimekalia kreti tupu la mikate, ilimnasa mtu ambaye hakuna aliyekuwa anamtafuta.

Tuanze na mjomba. Mjomba wangu ni dereva kwenye kiwanda cha mikate, na kile kigari chake cha kusambazia anakipenda kuliko anavyotupenda sisi. Sasa magari ya pale yalikuwa yanabonyea ovyo, na ukiuliza, hakuna anayejua kulikoni. Bosi, mama mmoja asiyepaza sauti hata akikasirika, akachoka. Akasema kila mgongano uripotiwe, hata ule wa zamani, na Ijumaa atasoma mwenyewe. Atakayeongoza kwa kugonga anakabidhi funguo, anahamia kupakia kreti.

"Mpwa wangu ana simu mkononi tangu azaliwe," mjomba akamwambia. "Atatutengenezea kitu cha mtandaoni, tujaze palepale."

Ndiyo nikaitwa. Nikaweka jina la dereva, namba ya gari, tarehe, picha. Halafu nikapata wazo: nikachora gari linavyoonekana kwa juu, dereva anagusa palipogongwa, panabaki doa jekundu. Nikatupia linki kwenye grupu lao.

Majibu yakaanza kuingia. Doa la kwanza, kona ya nyuma kushoto. La pili, palepale. Nikadhani simu imeganda, nikaizima, nikaiwasha. Madoa yakazidi kurundikana kama inzi kwenye kipande cha tikiti. Madereva tofauti, magari tofauti, kona ileile moja. Na aliyeongoza? Mjomba wangu mwenyewe, aliyenitafutia kazi.

"Mjomba, hivi upande wa kushoto una nini?"

"Una mkosi."

"Wa magari yote?"

"Wewe tengeneza fomu. Upelelezi waachie polisi."

Mimi tena, niache? Asubuhi yake nikajikalisha getini. Geti lile ni jembamba, magari yanaingia kinyumenyume, na anayeyaelekeza ni mlinzi mmoja mtu mzima wanayemwita Rudi-Rudi, maana ndiyo wimbo wake kutwa: "Rudi, rudi, rudi, hapo hapo." Yupo pale tangu enzi za baba yake bosi. Nikatazama gari la kwanza, la pili, la tatu. Hakuna dereva aliyeangalia kioo. Wote shingo nje ya dirisha, macho kwenye mkono wa mzee.

"Mbona huangalii kioo?" nikamuuliza mjomba aliposhuka.

Akanikazia macho kana kwamba nimetukana. "Mzee anakuelekeza, wewe unaangalia kioo? Si ndiyo kumwambia humwamini?"

Nikamsogelea mzee kwa upande wake wa kushoto, nikamnyooshea simu. "Shikamoo babu. Hebu ona fomu yetu."

"Marahaba." Lakini mkono haukuja. Simu ilikuwa karibu imguse shavu. Nikazunguka kulia kwake, akaipokea mara moja.

Tukatazamana.

"Jicho limeingia ukungu," akasema taratibu. "Kitambo sasa. Wakijua watanirudisha nyumbani, mjukuu wangu. Nikakae na nani?"

Nilichokuwa nacho ni simu. Nikaongeza swali moja kwenye fomu: Nani alikuwa anakuelekeza? Nikawatumia wote wajaze upya. Yakaingia: Hakuna. Hakuna. Nilikuwa peke yangu. Nikasubiri la mjomba, maana yeye ndiye mwenye funguo za kupoteza. Likaingia: Hakuna mtu.

Ijumaa bosi akaja kusoma ripoti, na gari lake jipya linang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Mzee akasimama nyuma, mkono juu. Rudi, rudi. Nikamwangalia bosi: shingo nje, macho kwenye mkono wa mzee, kioo hakijui. Nikafungua mdomo nimwambie, nikachelewa.

Kruu. Nguzo ya geti. Kona ya nyuma kushoto.

Bosi akashuka, akainama, akapapasa pale palipobonyea. "Sheria ni ya wote," akasema. "Lete hiyo fomu."

Akaandika jina lake. Akagusa kona, doa lake likakaa juu ya madoa ya wengine, na hapo akatulia, anayatazama. Alipofika kwenye swali langu kidole kikaning'inia hewani. Akamwangalia mzee, ambaye mkono wake ulikuwa bado juu. Huyo ndiye aliyemshikia baiskeli uwanjani pale alipokuwa mtoto wa bosi tu.

Akanirudishia simu. "Swali umelitunga wewe. Lijibu wewe."

Nyuma yake mjomba akanitikisia kichwa, hapana, huku funguo zake amezibana kiganjani.

Nikaandika: Babu wa getini. Jicho lake la kushoto limeingia ukungu, na sisi wote tuliona haya kuangalia kioo. Nikabonyeza tuma.

Bosi akasoma. Akamfungulia mzee mlango wa mbele wa gari lile lile lililobonyea, wakaenda kwa daktari wa macho.

Mjomba kabaki na gari lake. Getini yupo dada mmoja mwenye filimbi, na mzee yuko nyumbani anasubiri siku ya kutibiwa jicho. Kama atarudishwa kazini, bosi hajasema. Mjomba naye hajanipa lifti tangu siku ile. Nikimpungia barabarani, anaangalia vioo vyote, mimi tu hanioni.

Haya, simu iko mkononi mwako, bosi kasimama mbele yako, mzee mkono juu, mjomba anatikisa kichwa. Wewe ungeandika nini?