Gundi Haingoji

Muuguzi alikuwa ameshapaka gundi kingo zote ndipo kibano kimoja kilipomkatikia mkononi. Boksi la spika alilokuwa akijiundia nyumbani, dogo la kukaa kwenye rafu ya vitabu, likaanza kufunguka pembeni. Alilibana kwa viganja, akaliegemea kwa kifua, na bado pembe moja ilimponyoka.

Mumewe alikuwa sebuleni na gazeti alilokwisha kulisoma. Walikuwa wamenuniana tangu Jumapili. Mume, fundi wa lifti, alipewa kazi ya kusimamia tawi la kampuni katika mji wa mbali, akakubali kabla ya kumwambia mkewe. Mke akazipata habari hizo kwa wifi yake. Tangu hapo mezani vilisikika vijiko tu.

"Baba watoto! Njoo!"

Mume alikuja mbio akidhani amejikata.

"Shika huku. Bana kwa nguvu, usiachie mpaka ishike."

"Mpaka lini?"

"Nusu saa hivi."

Wakasimama uso kwa uso, boksi katikati yao, gundi ikiwavujia vidoleni.

"Dada yako ulimwambia," mke akasema hatimaye. "Mimi ukaniacha nisikie kama jirani."

"Niliogopa utakataa."

"Kumbe ulijua."

Ubao ukateleza.

"Unalegeza!"

"Mikono imechoka."

"Na yangu je, ni ya chuma?"

Simu ikaita kwenye mfuko wa shati la mume. Wote wawili walijua ni meneja, anataka jibu la mwisho. Ikaita, ikakatika, ikaita tena. Kidole gumba cha mume kikainuka kutoka kwenye ubao. Mke aliona pembe ikiachana kidogo. Alikuwa amechoka kuomba.

Kidole kikarudi.

"Itoe wewe," mume akasema.

Mke akakandamiza boksi kwa kidevu, akaichomoa simu kwa vidole vinavyonata, akaipokea na kuiweka mezani kwa sauti ya kusikika na wote.

"Vipi, unakwenda au huendi?" meneja akauliza.

"Bosi, nilikubali kwa pupa. Sijazungumza na mke wangu."

"Kuna mwenzako anaimezea mate nafasi hii."

Mume akafumba macho. "Basi mpe yeye."

"Subiri, bosi!" mke akadakia, kidevu kikiwa bado juu ya ubao. "Mpe mume wangu mpaka kesho asubuhi."

"Haya, shemeji. Nitajaribu."

Simu ikakatika. Mume alimwangalia mkewe kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Sikusema usiende," mke akasema. "Nilitaka kuulizwa."

Gundi ilikauka nao wakaendelea kushika, wakiongea: shule ya watoto, uhamisho wa mke kwenda hospitali ya huko, mama mkwe na miguu yake inayomsumbua. Wakakubaliana aende, familia imfuate baadaye.

Asubuhi mume alipopiga simu, meneja alikohoa kwanza. Nafasi ilikuwa imeshachukuliwa. Wakubwa hawakutaka kungoja.

Mume aliumia, wala hakuficha. Mke naye alijilaumu, akakaa siku nzima bila hamu ya kugusa nyaya za spika. Jioni mume ndiye aliyeleta pasi ya kulehemu na kuichomeka kwenye umeme.

"Nielekeze," akasema. "Waya mwekundu unakwenda wapi?"

Akamwelekeza. Walipoiwasha spika, besi ilitoka nene na safi, nao wakasikiliza wakiwa wamesimama, hakuna aliyekumbuka kuvuta kiti.