Kofia ya Mwalimu wa Kwaya

Padre alipofanya ishara ya msalaba, wanaume wote pale Ngumbo, ufukweni mwa ziwa, walikwisha kuvua kofia zao, na Edmund naye akavua yake. Hilaria, aliyesimama mstari wa mbele wa sauti ya kwanza, aliiona kofia ya mumewe ikitua kwenye kiti cha plastiki kando yake. Akaikazia macho.

Si kwamba hakulitegemea. Nyumbani Maguu walikwisha kubishana wiki nzima juu ya jambo hilo hilo. Edmund alizaliwa na ualbino, na ngozi yake ikipigwa na jua inaungua, haina mjadala. Miaka miwili nyuma kidonda kilimtoka kwenye sikio kikagoma kukauka, daktari akakikata pamoja na kipande cha sikio lenyewe. "Hiki tumekiwahi," daktari alisema. "Kingine kikitokea kisipone ndani ya wiki tatu, njooni haraka. Msikae nacho nyumbani."

Tangu siku ile Hilaria akawa askari wa mumewe. Losheni, mikono mirefu, mwavuli, kofia pana. Na Edmund, mtu mbishi kwa kila kitu kingine, kwenye kofia alikuwa mtiifu ajabu, hasa mwaka huu. Alilima nayo, alikula ugali nayo, na usiku alivaa ya sufu akalala nayo, akidai baridi ya Maguu haina masihara. Hilaria alimsifia mpaka kwa majirani.

Lakini kwenye Misa mwanamume havai kofia, na mwalimu wa kwaya hawezi kuwa wa kwanza kuvunja heshima.

"Misa yenyewe ni ya nje, baba Careen," alikuwa amemwambia. "Mungu si anaona kwamba hakuna paa?"

"Paa ndiyo Misa, mama Careen? Usijali, wametuahidi turubai."

Turubai lilikuwepo, tena kubwa. Lilifunika altare, likafunika mapadre, likafunika na wageni waalikwa waliokuja na magari yao na miwani yao ya jua. Wanakwaya wa Maguu, waliotoka milimani alfajiri kwa Fuso, waliwekwa kweupe mchangani. Na ziwa nalo lina ujanja wake. Upepo unatoka majini unakupapasa, unasema leo kumepoa, kumbe jua linakupiga utosini, linarudi kutoka kwenye mchanga, linarudi tena kutoka kwenye maji. Watu wa milimani, waliozoea kulipima jua kwa joto lake, ndio wanaodanganyika kwanza.

"Leo hakuna jua kabisa," alisema Devotha, jirani yake katika sauti ya kwanza, huku amekunja uso kwa mwanga.

Edmund akawageukia, akainua mikono, wakaimba. Usoni losheni ilikuwa imekaa vizuri. Hilaria mwenyewe alimpaka ndani ya Fuso, wenzao wakawacheka kwamba wamerudia uchumba. Alipotaka kumpaka na kichwani, Edmund alimshika mkono. "Huko kofia inatosha," alisema, naye akakubali. Sasa alijilaumu. Mjinga gani anaamini kofia ambayo itavuliwa?

Yakaja mahubiri. Padre alisema ana mambo matatu tu, na jambo la kwanza peke yake lilikuwa na mambo manne. Hilaria hakushika hata moja. Alikuwa akimtazama Edmund, aliyeketi akiwaelekea wanakwaya wake, paji la uso likizidi kuwa jekundu. Alijigusa kichwani, akakionyesha kiti chenye kofia. Edmund akatikisa kichwa, akatabasamu.

Hilaria akainama kwa mzee Pankras, mwenyekiti wa kwaya. "Mzee, nakuomba umwambie avae. Wewe atakusikiliza."

"Vumilia, mama. Bado kidogo tu. Baada ya hapa mtaingia majini mwogelee, mle na samaki wa mbasa."

Alivumilia. Aliomba Misa iishe, kisha akaomba msamaha kwa kuomba hivyo.

Wakati wa mageuzo, padre alipokuwa akigeuza mkate na divai, wote walipiga magoti. Edmund akageukia altare, akainamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alimpa Hilaria kisogo, na jua la saa sita likamwangukia lote utosini. Hilaria akasimama.

"We, mama Careen!" Devotha alimvuta gauni. "Mageuzo!"

Kengele ikalia. Hilaria alikwisha kuitoa kanga mabegani. Akapiga hatua nne mbele ya umati uliopiga magoti, akaikunjua juu ya kichwa cha mumewe. Mikono ikamkauka hewani.

Katikati ya utosi, ndani ya nywele zile nyepesi za njano, palikuwa na kidonda cha upana wa kifuniko cha soda. Kingo zimeinuka, katikati kinatoa maji. Hicho hakikuwa cha leo. Hakuna Misa ndefu kiasi hicho.

"Tangu lini?" alinong'ona.

Edmund hakuinua kichwa. "Tangu mavuno ya kahawa."

Kahawa walivuna mwezi wa saba. Huu ulikuwa wa kumi na moja.

"Watakata tena," Edmund alisema. "Safari hii ni kichwa, Hilaria. Nilitaka kwanza niimbishe leo."

Hilaria alitaka kumzaba kofi, alitaka kulia, na hofu ikamzuia yote mawili. Akamfunga kanga kichwani, fundo chini ya kidevu. Mtu mmoja akacheka. Katekista Protasi akaja mbio, amekunja ndita.

"Mama, unafanya nini? Mwanamume hafu..."

"Njoo uone, katekista." Akainua upindo wa kanga.

Protasi akaona.

"Gari lipi linaweza kututoa hapa sasa hivi?" Hilaria aliuliza. Protasi akageukia wageni waliokaa kivulini, akaenda kuwainamia mmoja mmoja, mpaka mmoja akanyanyuka na funguo.

"Ngoja basi Baba Yetu," Edmund alisema.

"Wataimba wenyewe."

Akamshika kwapani, akamwinua, wakaanza kutembea kwenye mchanga wa moto kuelekea kwenye magari. Nyuma yao Devotha alianzisha Baba Yetu, akaipandisha juu mno. Mkono wa Edmund ukainuka wenyewe kuishusha sauti. Hilaria akaudaka ule mkono, akaubana, hakusimama.