Mti Mwekundu wa Wade

Mto Eel ulipomchukua mtoto wao Wade, Verlin Haskett na mkewe Nadine walizika jivu la mwili wake nyuma ya nyumba, wakapanda juu yake mche wa mti mwekundu, ile miti mirefu ya misitu ya kwao. Verlin aliununua mwenyewe kitaluni. Aliuomba kwa jina watu wa huko wanaloutumia: "Nipatie mti mwekundu." Akapewa. Maisha yake yote alipasua magogo ya miti hiyo kiwandani. Aliijua ikiwa imekwisha kuangushwa, miche hakuwahi kuishika.

Novemba majani yakageuka rangi ya kutu. Kabla ya Krismasi yakapukutika yote, ukabaki ufito mtupu mvuani. Mti mwekundu haupukutishi majani. Hata watoto wa kule wanajua.

"Umekufa," Verlin akasema.

"Tungoje majira ya kuchipua, mzee wangu. Huwezi kujua."

"Nimeshamzika mara moja, Nadine. Sina nguvu ya kumtazama akioza."

Akaung'oa, akautia kwenye jiko la kuni. Siku ile Nadine hakutoka chumbani.

Baridi ilipokwisha, Verlin akarudi kitaluni kutafuta mwingine. Marisela, mwenye kitalu, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampeleka kwenye safu ya miche iliyoanza kuchipua.

"Ulichukua kama huu?"

"Huu huu."

Marisela akainamisha kichwa. "Huu asili yake China, mzee. Sote tunauita mti mwekundu, lakini jina lake la kitaalamu ni Metasequoia. Hupukutika kila mwaka. Wa kwetu ni Sequoia sempervirens, ndio usiopukutika. Wako ulikuwa umelala tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema mti mwekundu, nikakupa mti mwekundu. Sikujua unaupeleka wapi. Nisamehe, mzee."

Verlin akaondoka mikono mitupu.

Alimkuta Nadine akimenya viazi. Alimweleza yote, hakuficha neno.

"Kwa hiyo ulikuwa hai," Nadine akasema.

"Ulikuwa hai."

"Na nilikwambia tungoje."

"Uliniambia, mama Wade."

Nadine akaweka kisu chini, akatoka bila koti, akasimama mvuani pale udongo ulipochimbuliwa. Verlin alimfuata hadi mlangoni, akaishia kwenye kizingiti.

Wiki ile Nadine alihamia kwa dada yake, mjini Arcata. Hakugombana, hakulia. Alimwachia chakula cha jioni kwenye oveni, akafunga mlango taratibu.