Koti la Tahadhari

Siku hiyo Sikujua alichoka roho kuliko mwili. Asubuhi, jua likiwaka bila wingu, simu za mji mzima zililia kwa mkupuo mmoja zikaleta ujumbe wa serikali: mto utafurika, wakazi wa bondeni wahamie shuleni. Naye, fundi cherehani mwenye mdomo wake na msimamizi wa kundi la akina mama, hakuuamini hata chembe. Mwaka juzi watu walihamishwa hivyo hivyo, na waliporudi wakakuta viwanja vyao vimewekewa mawe ya mipaka ya wengine. Basi akajirekodi: "Jamani, tusifanywe wajinga mara mbili. Hiyo meseji inaionyesha serikali mlipo. Zimeni simu, mkae majumbani mwenu." Akaituma kundini, akamtumia na mama yake, Bi Mwanshehe, aishiye peke yake bondeni na nyonga mbovu. Jirani akambishia, wakatupiana maneno mpaka adhuhuri, na baada ya chakula usingizi ukamchukua, kichwa juu ya cherehani.

Akajiona langoni mwa mji asioujua, ambao watu wake walitembea wameziba masikio kwa viganja. Mlinzi akamuuliza jina.

"Sikujua."

"Kila aingiaye hapa husema hivyo," mlinzi akajibu, akamfungulia bila kucheka.

Ndani akapokewa na mwanamke achechemeaye, jina lake Hakika, aliyeomba radhi kwa kuchelewa, maana yeye huenda kwa miguu ilhali Uvumi hupanda kila mdomo. Wakafika uwanjani, ambako mtu mmoja alikuwa akiita mpaka sauti imemkauka, na umati ukimrushia matope. Hakika akasema huyo ndiye Tahadhari.

"Mbona wanampiga?"

"Kwa ajili ya koti. Ndilo alilovaa Ahadi-Hewa alipowatapeli. Serikali ina koti moja, mwanangu. Mkweli hulivaa, na mwongo hulivaa."

"Basi wana haki ya kushuku."

"Wanayo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini akishashtuka, huinama akatazama. Mto uko hatua mia kutoka hapa. Nani kati yenu amekwenda kuutazama?"

 Nyuma ya Sikujua, Uvumi alikuwa akihubiri, na watu wakiitikia. Alipogeuka, akaona Uvumi hana uso, ni mdomo mtupu, na sauti itokayo humo ni yake yeye Sikujua: zimeni simu, mkae majumbani mwenu. Aibu ikamchoma. Maji yakamfika vifundoni, na hakuna aliyekuwa akimsikiliza Tahadhari.

Akazinduka. Nje jua lilikuwa bado kali, lakini upepo wa kutoka bondeni ulinuka matope. Hapo akaelewa kwamba kosa lake halikuwa kushuku. Kosa lake lilikuwa kusema kama anayejua. Akampigia mama yake. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga tena, ikawa vile vile. Ndipo akaona ujumbe wa sauti ambao mama yake aliutuma saa tano, naye hakuwa ameusikiliza kwa ajili ya ugomvi.

"Nimekusikia, mwanangu. Walikuja na mkokoteni wanipeleke shuleni, nimewarudisha. Simu naizima sasa hivi, kama ulivyosema."

Sikujua akatoka mbio kuteremkia bondeni, utepe wa kupimia ungali shingoni.